Kurusha droni juu ya ghuba ya Tanga bila kutoka nyumbani: mwongozo kamili wa simuleta ya ArduPilot

Droni yangu ya kwanza iko chini ya maji ya ghuba ya Tanga. Niliiunda kwa mikono yangu, na kila nilipoijaribu uwanjani iliruka vizuri kabisa. Siku hiyo ilikuwa Julai, alasiri, kusi imeshika. Niliituma kutoka Raskazone ielekee kaskazini juu ya maji, ipige picha, kisha irudi yenyewe. Kwenda ilikwenda mbio. Kurudi ikawa kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mahindi kichwani. Nilikuwa nimekodolea simu macho, nikiona umbali unapungua kidogo kidogo: mita 640, 610, 590. Halafu betri ikafika kikomo nilichokuwa nimekiweka, na droni ikafanya nilichoiambia ifanye betri ikipungua: ikatua. Ikashuka taratibu mpaka majini.

Hakuna kifaa kilichoharibika siku ile. Kosa lilikuwa kwenye namba mbili tatu nilizoziweka mwenyewe, na namba hizo ningeweza kuzijaribu mezani, bure, mara mia, kabla ya kugusa mota. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya vijana wa Tanga wanaotaka kuingia kwenye kazi hii, iwe ni kupima mashamba ya mkonge, kupiga picha za mikoko au kupeleka dawa visiwani. Anzeni na simuleta. Na mkiwa ndani yake, msitumie muda mwingi kutazama droni ikiruka vizuri. Tumieni muda kuiharibia safari na kuona inafanya nini.

Simuleta yenyewe ni nini

ArduPilot ni programu huria ya kuendesha droni, ndege ndogo zisizo na rubani, boti na magari. Yeyote anaweza kuishusha, kuisoma na kuibadilisha. Ndiyo inayokaa ndani ya kile kisanduku kidogo katikati ya droni, kinachosoma vihisio na kuamua kila mota izunguke kwa kasi gani.

Simuleta yake inaitwa SITL, kifupi cha Software In The Loop. Tofauti yake na mchezo wa kompyuta ni hii: programu inayoruka ndani ya simuleta ni ileile inayoruka kwenye droni halisi, isipokuwa imejengwa iendeshwe na kompyuta badala ya kisanduku. Vihisio ndivyo vya kuigiza. Sehemu nyingine ya simuleta inakokotoa uzito, msukumo wa mota na upepo, kisha inaiambia ArduPilot "uko hapa, umeinama hivi, GPS inasema hivi". Ubongo haujui kwamba haumo angani. Kwa hiyo ukiweka parameta mbaya, yaani namba mbaya ya mpangilio, utaona madhara yaleyale ambayo ungeyaona baharini.

Ipo njia nyingine, PX4, nayo ni huria na nzuri, lakini mafunzo yake mengi yanakupeleka moja kwa moja kwenye Gazebo, simuleta ya pande tatu ambayo inataka kompyuta yenye kadi nzuri ya picha. SITL ya ArduPilot inaridhika na laptopu ya kawaida ya RAM giga 4, kwa sababu haichori dunia ya pande tatu. Inakupa ramani, dirisha la ujumbe na mahali pa kuandika amri. Kwa kujifunza hiyo inatosha, na kwa maoni yangu ni bora, maana macho hayapotezwi na uzuri wa picha.

Kuishusha bila kumaliza bando

Nachukulia una Ubuntu 22.04. Kama una Windows, fungua terminali kama msimamizi, andika `wsl --install -d Ubuntu-22.04`, washa kompyuta upya, na utapata Ubuntu ndani ya Windows. Hatua zinazofuata ni zilezile.

```
sudo apt update
sudo apt install git
git clone --depth 1 --branch Copter-4.5 --recurse-submodules --shallow-submodules https://github.com/ArduPilot/ardupilot.git
```

Maelekezo mengi utakayoyakuta hayana `--depth 1` wala `--shallow-submodules`. Maneno hayo mawili yanaizuia git isikuletee historia yote ya miaka na miaka ya mabadiliko ya programu. Kwetu, ambako watu wanashusha kwa bando la simu, hiyo ni tofauti kubwa. Bado mzigo si mdogo, kwa hiyo subiri bando la usiku.

Nimeweka `Copter-4.5` kwa makusudi. Majina ya baadhi ya parameta na vipimo vyake hubadilika toleo hadi toleo, na namba zote nilizoandika humu ni za 4.5. Ukichukua toleo jingine, soma maelezo ya kila parameta kabla ya kuiweka.

Sasa vitendea kazi:

```
cd ardupilot
Tools/environment_install/install-prereqs-ubuntu.sh -y
. ~/.profile
```

Usiweke `sudo` mbele ya mstari wa pili. Hati hiyo inaomba nywila yenyewe inapohitaji, na ukiilazimisha kwa `sudo` vitu vinakwenda kukaa kwenye akaunti isiyo yako. Mstari wa tatu wengi wanausahau, kisha wanalalamika kwamba `sim_vehicle.py` haipatikani. Ukisahau, toka kwenye akaunti yako uingie tena.

Kujenga:

```
./waf configure --board sitl
./waf copter
```

Laptopu ikianza kuganda kwa sababu RAM ni ndogo, simamisha kwa Ctrl na C, kisha andika `./waf copter -j2` ili ifanye kazi mbili tu kwa wakati mmoja. Nenda kanywe chai. Ukirudi uone maandishi ya kijani yanayosema imemaliza.

Iamshe Tanga, isiamke Australia

Ukiiwasha bila kuiambia kitu, droni yako itaamka Canberra, kwenye uwanja wa klabu ya ndege ndogo za kuchezea, kwa sababu hapo ndipo walipopachagua waliotengeneza simuleta. Ninataka iamke nyumbani. Tengeneza folda na faili la mahali pako:

```
mkdir -p ~/.config/ardupilot
echo "TANGA=-5.0680,39.1050,15,0" >> ~/.config/ardupilot/locations.txt
```

Namba nne hizo ni latitudo, longitudo, urefu kutoka usawa wa bahari kwa mita, na upande ambao pua ya droni inaelekea, ambapo 0 ni kaskazini. Nimechukua sehemu ya mjini karibu na bahari. Wewe fungua ramani ya OpenStreetMap, tafuta uwanja wako, uandike namba zake.

Hapo kwenye latitudo tulia kidogo. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo lazima kuwe na alama ya kutoa. Ukiisahau, droni yako itaamka kusini mwa Ethiopia. Ukigeuza mpangilio, ukaanza na longitudo, itaamka Hispania. Kwenye simuleta unafuta na kuandika upya. Kwenye faili la safari ya droni halisi, kosa hilohilo linaiambia droni ifunge safari kwenda Ethiopia. Jizoeshe kusoma alama ile kwa sauti.

Sasa iwashe:

```
cd ~/ardupilot/ArduCopter
sim_vehicle.py -w -L TANGA --console --map
```

Herufi `-w` inafuta parameta za zamani na kuanza upya. Itumie mara ya kwanza tu, la sivyo kila ukiwasha utapoteza ulichoweka. Madirisha mawili yatafunguka, ramani na ujumbe, na kwenye terminali utabaki na mahali pa kuandika amri. Hiyo ni MAVProxy, na ndiyo rimoti yako.

Kama unapenda kuona kwenye simu, weka programu ya QGroundControl, unganisha simu na laptopu kwenye Wi-Fi moja, kisha andika `output add` ukifuatisha anwani ya simu na `:14550`. Kwa mfano `output add 192.168.1.20:14550`. Simu itaonyesha droni kana kwamba iko hai.

Kupaa mara ya kwanza

Usiharakishe. Subiri dirisha la ujumbe liseme EKF3 inatumia GPS. EKF ni ile sehemu ya programu inayochanganya GPS, dira, kipimahewa na vihisio vya mwendo ili kukadiria droni iko wapi. Kabla haijatulia, programu itakataa kuwasha mota, na ni haki yake.

```
mode guided
arm throttle
takeoff 20
```

Ukishaandika `arm throttle`, mota zinazunguka lakini droni iko chini. Ukikaa sekunde 10 bila kuipaisha inazima mota yenyewe. Wanafunzi wengi wanadhani imeharibika, kumbe ni usalama. Andika amri ya tatu mara moja.

Ikifika mita 20, bofya ramani kwa kitufe cha kulia, chagua kuruka mpaka hapo, uione inakwenda. Halafu `mode rtl`, ambayo maana yake ni rudi nyumbani. Ikiwa chini ya urefu wa `RTL_ALT` itapanda kwanza mpaka hapo, itarudi pale ilipopaa, itatua. `RTL_ALT` iko kwa sentimita, na kawaida yake ni 1500, yaani mita 15. Minazi mirefu ya pwani yetu inazidi hapo. Nimeiweka 4000:

```
param set RTL_ALT 4000
```

Safari inayojiendesha

Safari ni faili la maandishi tu. Fungua kihariri chochote, andika yafuatayo, uhifadhi kwa jina `ghuba.txt` ndani ya folda ya ArduCopter:

```
QGC WPL 110
0 1 0 16 0 0 0 0 -5.0680 39.1050 15 1
1 0 3 22 0 0 0 0 0 0 40 1
2 0 3 16 0 0 0 0 -5.0572 39.1050 40 1
3 0 3 20 0 0 0 0 0 0 0 1
```

Namba ya nne katika kila mstari ndiyo amri: 22 ni kupaa, 16 ni kwenda kwenye nukta, 20 ni kurudi nyumbani. Mstari wa 0 ni nyumbani penyewe. Namba ya tatu ikiwa 3, urefu unahesabiwa kutoka nyumbani. Ikiwa 0, kutoka usawa wa bahari. Nukta ya pili iko kama mita 1,200 kaskazini, juu ya maji. Unaweza kuyachora yote kwenye QGroundControl kwa kidole, na kwa shamba la mkonge lenye mistari mingi ni lazima ufanye hivyo, lakini mara ya kwanza andika kwa mkono. Utaelewa droni inasoma nini.

```
wp load ghuba.txt
mode guided
arm throttle
takeoff 20
mode auto
```

Iache iende na kurudi. Hewa imetulia, kila kitu ni kizuri. Hapa ndipo watu wengi huishia, na hapa ndipo nilipoishia mimi kabla sijapoteza droni.

Lete kusi

Nahodha yeyote wa ngalawa pale Deep Sea anajua kwamba maji ya ghuba yetu yako kaskazini mwa mji, na kwamba wakati wa kusi upepo unatoka nchi kavu ya mji kwenda majini. Mashua inatoka bila shida na inarudi kwa kubisha. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka: kutoka ni kazi, kurudi unasukumwa. Kwa droni ya betri tofauti hii ni kubwa sana, kwa sababu betri inatumika kwanza kwa kwenda. Wakati wa kaskazi sehemu ngumu unaimaliza betri ikiwa imejaa. Wakati wa kusi sehemu ngumu inakusubiri betri ikiwa nusu.

Weka upepo:

```
param set SIM_WIND_DIR 180
param set SIM_WIND_SPD 8
param set SIM_WIND_T 1
param set SIM_WIND_TURB 1
param set ANGLE_MAX 3000
param set WPNAV_SPEED 1000
```

`SIM_WIND_DIR` ni upande unakotoka upepo, kama wavuvi wanavyousema, kwa hiyo 180 ni upepo wa kusini. Kwa kaskazi weka 45. `SIM_WIND_SPD` ni mita kwa sekunde. `SIM_WIND_T` inastahili maelezo, kwa sababu ilinidanganya kwa wiki nzima: kwa kawaida simuleta inapunguza upepo kadiri droni inavyokuwa chini ya mita 60, kwa hiyo unaandika 8 na droni iliyo mita 40 inapata pungufu. Ukiweka 1, inapata yote.

`ANGLE_MAX` ya 3000 ni nyuzi 30, kiasi cha juu ambacho droni inaruhusiwa kuinama. `WPNAV_SPEED` ya 1000 ni mita 10 kwa sekunde, na hiyo ni kasi juu ya ardhi, haihesabu hewa. Shika jambo hili vizuri. Droni inajitahidi kushika mita 10 kwa sekunde juu ya ardhi iwe inakwenda na upepo au inaukabili. Ikiukabili inainama zaidi, mota zinakula umeme zaidi, mpaka inafika nyuzi 30. Hapo uwezo umekwisha na kasi inaanguka.

Tuseme droni haiwezi kukata hewa kwa zaidi ya mita 12 kwa sekunde. Kusi ni mita 8. Mita 1,200 za kwenda zinamalizika kwa dakika 2. Za kurudi inabaki mita 4 kwa sekunde, nazo zinachukua dakika 5. Mtu aliyepanga betri kwa kusema "kwenda dakika mbili, kurudi dakika mbili, nyongeza moja ya akiba" amekwisha kuipoteza droni yake kabla haijapaa. Mimi ndivyo nilivyopanga.

Rudia safari ileile ukiwa na saa mkononi. Kisha weka upepo wa 10, kisha wa 11. Kwenye 11 utaona droni karibu imesimama hewani, imeinama, inatetemeka, na umbali unapungua kwa shida. Itazame kwa dakika nzima. Hilo ndilo jambo moja ninalotaka kila mwanafunzi alione kabla sijamkabidhi rimoti.

Sasa iharibu

Kila jaribio hapa lifanye droni ikiwa kwenye nukta ya mbali, kusi ikiwa 8. Usifanye majaribio karibu na nyumbani, hayakufundishi kitu.

*Betri.* Kwanza weka mwitikio, kisha shusha volti:

```
param set BATT_LOW_VOLT 10.5
param set BATT_FS_LOW_ACT 2
param set SIM_BATT_VOLTAGE 10
```

Thamani 2 ni kurudi nyumbani, 1 ni kutua hapohapo, 0 ni kutofanya lolote. Programu itasubiri sekunde 10 kuhakikisha volti haikushuka kwa muda tu, kisha itatangaza na kugeuka. Swali la kujiuliza hapo ni hili: kwa volti zilizobaki, itafika? Kikomo cha 10.5 ni cha kiwandani, hakikupangwa kwa ajili ya ghuba ya Tanga mwezi wa Julai. Na `BATT_FS_LOW_ACT` yangu ilikuwa na 1, niliyoinakili kutoka kwa mtu anayeruka juu ya uwanja wa nyasi. Juu ya nyasi, kutua hapohapo ni busara.

Rudisha `SIM_BATT_VOLTAGE` kwenye 12.6 kabla ya kuendelea.

*Rimoti.* `param set SIM_RC_FAIL 1` inakata mawasiliano ya rimoti. Kama `FS_THR_ENABLE` ni 1, inarudi nyumbani. Fupi, na kwa kawaida inafanya vizuri. Irudishe 0.

*GPS.* Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

```
param set SIM_GPS_DISABLE 1
```

Muda mfupi baadaye utaona tangazo la EKF, na kwa mipangilio ya kawaida, `FS_EKF_ACTION` ikiwa 1, droni inaingia kwenye hali ya kutua. Lakini inatua bila kujua iko wapi, kwa hiyo haiwezi kupambana na upepo. Inakaa wima na kusukumwa. Piga hesabu pamoja nami: kutoka mita 40 inashuka mita 1.5 kwa sekunde mpaka mita 10, hizo ni sekunde 20. Mita 10 za mwisho inashuka nusu mita kwa sekunde, sekunde 20 nyingine. Sekunde 40 ndani ya upepo wa mita 8 kwa sekunde zinaweza kuipeleka mbali karibu mita 300 kutoka ilipoanza kushuka. Kwenye ramani ya simuleta utaona mstari wa njia yake ukikimbilia kaskazini, mbali zaidi na nyumbani.

Juu ya maji hakuna mpangilio wa parameta unaolimaliza tatizo hili. Ukiweka `FS_EKF_ACTION` kuwa 2, droni inashika urefu na kukusubiri uishike kwa rimoti, lakini kwa umbali wa mita 1,200 huioni imeelekea wapi, na wakati unafikiri inasukumwa. Jibu langu limekuwa kupunguza umbali wakati wa kusi, na kuweka uzio:

```
param set FENCE_TYPE 3
param set FENCE_ALT_MAX 60
param set FENCE_RADIUS 500
param set FENCE_ACTION 1
param set FENCE_ENABLE 1
```

Uzio huu ni kisima cha hewa chenye kimo cha mita 60 na nusu kipenyo cha mita 500 kuzunguka nyumbani. Droni ikigusa ukuta inarudi. Rudisha `SIM_GPS_DISABLE` kwenye 0, kisha jaribu kuituma kwenye `ghuba.txt` uone inavyokataliwa njiani.

Kumbukumbu za safari

Kila safari inaacha faili ndani ya folda ya `logs`. Lifungue:

```
MAVExplorer.py logs/00000001.BIN
```

Kisha andika `graph GPS.Spd` uone kasi, na `graph BAT.CurrTot` uone umeme uliotumika kwa jumla, kwa miliampea-saa. Weka michoro miwili ubavuni, ya safari bila upepo na ya safari ya kusi. Ule wa pili utaona mstari wa umeme unapanda kwa mteremko mmoja wakati wa kwenda, halafu unainuka na kurefuka wakati wa kurudi. Namba ya mwisho ya mstari huo ndiyo inayokuambia ununue betri ya ukubwa gani, au safari uifupishe kwa kiasi gani. Betri ya simuleta si betri yako, kwa hiyo chukua uwiano wa kurudi kwa kwenda, usichukue miliampea zenyewe.

Kuiamuru kwa Python

Ukishachoka kuandika amri moja moja, andika programu. Simuleta inatoa taarifa kwenye mlango 14550. Kupata wa pili, andika `output add 127.0.0.1:14551` ndani ya MAVProxy. QGroundControl ikichukua wa kwanza, wewe chukua wa pili.

```
from pymavlink import mavutil
m = mavutil.mavlink_connection('udpin:127.0.0.1:14551')
m.wait_heartbeat()
m.set_mode('GUIDED')
m.arducopter_arm()
m.motors_armed_wait()
m.mav.command_long_send(m.target_system, m.target_component,
    mavutil.mavlink.MAV_CMD_NAV_TAKEOFF, 0, 0,0,0,0,0,0, 30)
while True:
    p = m.recv_match(type='GLOBAL_POSITION_INT', blocking=True)
    print(p.relative_alt / 1000)
    if p.relative_alt > 29000:
        break
m.set_mode('RTL')
```

Urefu unakuja kwa milimita, ndiyo maana nimegawanya kwa 1000. Programu hii ni ndogo, lakini angalia mstari wa `while`. Inasubiri ushahidi kwamba droni imefika, haisubiri sekunde fulani. Nimeona vijana wakiandika "subiri sekunde 10 kisha nenda", na kwenye hewa tulivu inafanya kazi kila mara.

Programu hiihii ukiielekeza kwenye redio ya droni halisi itairusha droni halisi. Kwa hiyo anwani ya muunganisho isome mara mbili kabla ya kubonyeza.

Kama unataka kuona kwa macho

FlightGear ni simuleta huria ya ndege inayochora dunia nzima, na ArduPilot inaweza kuitumia kama dirisha. Sakinisha kwa `sudo apt install flightgear`, fungua faili la `fg_quad_view.sh` ndani ya `Tools/autotest`, na kwenye mstari wa `--airport` weka HTTG, ambao ndio msimbo wa uwanja wa ndege wa Tanga. Liendeshe kwenye terminali yake, kisha washa `sim_vehicle.py` ukiongeza `--enable-fgview`. FlightGear inashusha mandhari ya eneo kupitia intaneti, kwa hiyo bando linahusika tena. Majengo ya mji usiyatarajie. Faida yake ni kuona mwinamo wa droni dhidi ya upepo, na kuwaonyesha wazazi au wafadhili ambao ramani yenye alama haiwaambii kitu.

Kabla ya kutoka nje

Droni halisi nchini inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na uwanja wa ndege wa Tanga uko karibu na mji, kwa hiyo mahali pa kurukia si la kuamua peke yako. Kibali kikipatikana, hamisha parameta ulizozijaribu. Ndani ya MAVProxy andika `param save tanga.parm`, kisha lifungue faili na ufute mistari yote inayoanza na `SIM_`. Usizipakie zote kwa mkupuo kwenye droni halisi, maana ndani yake mna usawazishaji wa vihisio vya kuigiza. Chukua zile za `RTL_`, `FENCE_`, `FS_` na zile tulizozigusa za `BATT_`, uziandike moja moja, huku mwenzako akizisoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi.

Siku ya kuruka, saa moja kabla, nenda ufukweni ukatazame bendera na matanga. Uliza wavuvi upepo wa jana alasiri ulikuwaje. Kisha rudi kwenye laptopu, weka upepo huo kwenye `SIM_WIND_SPD` ukiongeza mita 3, uiendeshe safari yako yote mara moja zaidi.